Kabati Lililoingia kwa Kuvunja Ukuta

Wajukuu zangu, na ninyi vijana wengine mtakaosoma haya, siku hizi mkihama mnaita gari asubuhi na jioni mmeshalala nyumba nyingine. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba mimi nililishwa na kuvishwa na watu wasiojua kuhama, na Mungu awabariki huko waliko, maana wangejua, ningekufa njaa.

Kazi yangu ilikuwa kufungasha. Wakati wa Mwingereza, Njombe ilikuwa na wazungu wa mashamba ya pareto na ya miwati, ile miti ya magome ya kutengenezea ngozi, makarani, walimu, wenye maduka, na wote hao walikuja, wakakaa kidogo, wakaondoka. Aliyeondoka alimwita Fundi Sanga, na Fundi Sanga alinichukua mimi. Tuliunda masanduku ya mbao, tukafunga vyombo kwa nyasi kavu, tukapakia lori. Watu walidhani hiyo ndiyo kazi. Kupakia ni kazi ya asubuhi moja. Kazi yenyewe ilikuwa kumsaidia mtu aachane na vitu asivyovihitaji, na hiyo ilichukua wiki nzima, pamoja na machozi, na mara nyingine ugomvi wa mke na mume mbele yetu huku sisi tukijifanya hatusikii lugha.

Fundi Sanga alikuwa Mkinga wa Bulongwa, mfupi, msafi, mwenye penseli nyuma ya sikio tangu asubuhi mpaka wakati wa sala ya jioni. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mwenye nyumba haulizwi kamwe kama anakitaka kitu. Ukimuuliza hivyo atasema anakitaka, hata kama ni kiti cha miguu mitatu. Anaulizwa, "Kitakaa wapi?" Hapo anatazama juu, anaanza kuipanga ile nyumba mpya kichwani, anakiweka kiti pembeni, anakihamisha, anakosa pa kukiweka, mwisho anasema mwenyewe, "Kiache." Nimewahi kumwona mama mmoja wa Kizungu akizunguka hewani na meza ya chai kwa dakika kumi, mikono ameinyoosha kana kwamba ameibeba, kabla hajakubali kuiacha.

Baada ya hapo Fundi alitia alama kwa mkaa. Mstari mmoja, kinasafiri. Mistari miwili, kinabaki cha kuuzwa au kupewa mtu. Msalaba, shimoni au motoni. Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuiandika popote lakini aliisema kila tulipoingia nyumba mpya: sisi wafungashaji hatuondoki na kitu. Hata kijiko. Nilimuuliza kwa nini, nikiwa mgeni wa kazi, kwa sababu niliona vitu vizuri vikienda shimoni. Akanijibu kwamba siku nitakayobeba kimoja nyumbani, sitajua tena kama ninamsaidia mtu au ninamwinda.

Msidhani nilianza nikiwa na akili. Katika mwezi wangu wa kwanza, Bwana mmoja wa shamba la miwati alininyooshea kidole sanduku kubwa barazani, akasema, "Hii toa." Nje walikuwa wamesimama vibarua wake wanaaga. Mimi nikatoa. Nililifungua sanduku, nikakuta viatu, buti nzuri za ngozi, nikawagawia watu mmoja mmoja, na kwa kuwa watu walikuwa wengi kuliko jozi, nikaona haki ni kila mtu apate kiatu kimoja. Walinishukuru sana. Kumbe Bwana alitaka sanduku litolewe nje, lipakiwe. Tulishinda siku mbili tukizunguka kwenye vibanda vya vibarua tukikusanya viatu, na mzee mmoja alikuwa ameshakata cha kwake kupata kamba ya jembe. Tangu siku ile Fundi Sanga alinitaka, Mzungu akisema toa, nimuulize kwa adabu: nje, au kwa watu?

Wala msidhani ni wazungu tu. Nimemhamisha mwalimu aliyeondoka na mlango wa nyumba ya shule kwa madai kwamba bawaba alinunua yeye. Nimemhamisha karani aliyefunga magunia mawili ya makopo matupu ya maziwa, na nilipomuuliza yatakaa wapi, alinijibu kwa hasira kwamba yatakaa ndani ya magunia.

Lakini nataka kuwaeleza habari za kabati moja, kwa sababu bibi yenu Eda amekwenda kitandani na sasa naweza kulisema bila kusahihishwa kila sentensi.

Kabati lenyewe lilikuwa la vyombo, refu kama ukuta, la mbao nyeusi, lenye nguzo mbili, kioo kilichofifia katikati, miguu yenye kucha, na juu kwenye pembe vichwa viwili vya simba vimefumbua midomo. Yasemekana mzungu wa kwanza kuwa nalo alililetewa kwa vipande kutoka pwani, likaunganishwa ndani ya nyumba. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekumbuka lilivyounganishwa. Kwa hiyo kila lilipohama lilihama zima. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelibeba mara nne. Lilitoka kwa mzungu wa pareto likaenda kwa mwenye duka, Mhindi wa Njombe mjini, likatoka kwake likaenda kwa mzungu mwingine, likarudi shamba la pareto kwa mtu mpya, hatimaye likafika kwa mzungu wa miwati tuliyemwita Bwana Filimbi kwa sababu alipiga mluzi akiwa na hasira. Hakuna aliyelinunua hata mara moja. Lilitolewa zawadi. Anayeondoka alimshika mgeni mkono, macho yana maji, akamwambia anamwachia kitu anachokipenda kuliko vyote. Mgeni alishukuru kwa sauti kubwa. Yule anayeondoka alishukuru kimoyomoyo, nami nilikuwa nimesimama karibu nikiona vifua vyote viwili vikipanda na kushuka.

Wakati Bwana Filimbi anajiandaa kurudi kwao, mimi nilikuwa nimeoa miezi michache nyuma. Nilikuwa nimehamia Makambako kwa ruhusa ya Fundi Sanga, kwa sababu njia ya Iringa na ya Mbeya na ya Njombe zinakutana pale, malori yanasimama, na mfungashaji akikaa pale hapitwi na mtu. Nilijenga nyumba ya vyumba viwili, matofali mabichi, nyasi juu, mlango mmoja. Upepo wa Makambako mnaujua. Tulikuwa tunaufungia mlango, nao unaingia kwa paa.

Eda nilimtoa Ilembula. Baba yake, Mzee Kilasi, alikuwa mzee wa kanisa na mkulima hodari, mtu wa maneno machache ambaye hata salamu alizitoa kwa kipimo. Nilipopeleka mshenga, Mzee aliuliza mchumba anafanya kazi gani. Mshenga akaeleza kwa mbwembwe zake, mara wazungu, mara malori, mara masanduku ya kwenda Ulaya. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo anabeba viti."

Alinipa binti yake hata hivyo. Lakini mshenga alikosa busara akanisimulia maneno yale, nayo yakanikaa kooni. Nilikuwa nikipiga msumari nayasikia. Mbeba viti.

Basi siku ya mwisho kwa Bwana Filimbi, kila kitu kimeshatiwa alama, limebaki lile kabati, lina mistari miwili na hakuna wa kupewa, maana mzungu mgeni alikuwa amepata habari zake akasema anakuja na samani zake. Mama Filimbi alilizunguka, akaweka mkono juu ya kichwa cha simba mmoja, akanitazama, akaniambia, "Yeremia, hii kwa wewe na bibi yako."

Nyuma yangu Fundi Sanga alianza kukohoa. Alikohoa kama mtu aliyemeza vumbi la mbao. Nami nilijua kila kitu, wajukuu zangu. Niliujua uzito wake, niliijua historia yake, niliijua sheria. Lakini pale kwenye kioo kilichofifia sikujiona mimi. Nilimwona Mzee Kilasi ameingia nyumbani kwangu, ameona simba wawili, amenyamaza kwa heshima.

Nikasema, "Asante, Mama."

Tulipotoka nje, Fundi hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu, lile alilowauliza wengine wote.

"Litakaa wapi?"

"Sebuleni," nikamjibu. Sikuwa na sebule.

Tulilishusha Makambako watu wanane. Mlangoni halikuingia kwa ubavu, halikuingia kwa mgongo, halikuingia kwa kulazwa. Wanaume wale waliniangalia, wakangoja niseme lirudi kwenye lori. Nikaomba sururu. Eda alikuwa amesimama uani na chungu mkononi, akanitazama ninavyoibomoa nyumba ambayo udongo wake tuliukanyaga pamoja. Nilidhani ameduwaa kwa furaha.

Kufikia jioni kabati lilikuwa ndani na ukuta nimeujenga upya kwa tofali mbichi na udongo wenye maji. Ndipo tulipoanza kuishi na lile kabati, au niseme lenyewe likaanza kuishi na sisi. Lilikula chumba chote cha mbele. Kufungua mtoto wake wa juu, yaani droo, ilibidi kwanza ufungue mlango wa nyumba, utoke, uvutie nje. Mlango wake wa chini upande wa kushoto haukufunguka kamwe kwa sababu ukuta ulikuwa pale pale, na wakati ule sikujua kama ndani mlikuwa na kitu. Tulikuwa na sahani sita na vikombe vitatu. Eda alivipanga kwenye rafu ya katikati, na vilionekana kama watu wachache waliokuja ibada siku ya mvua. Meza ilitoka nje. Vyungu vikatoka nje. Kitanda kikasukumwa chumba cha nyuma, ambacho nacho kiliingiliwa na mgongo wa kabati kwa kuwa niliondoa kipande cha ukuta wa katikati pia. Hilo la ukuta wa pili sikuwaambia wale wanaume wanane.

Majirani walikuja kutazama. Walisifu. Nikafurahi. Sikugundua wakati ule kwamba walisifu wakiwa wamesimama nje, kwa sababu ndani hapakuwa na pa kusimama.

Mzee Kilasi alikuja wakati wa mvua. Nilikuwa nimemngoja kama mwanafunzi anavyongoja matokeo. Akabisha hodi, tukamwitikia, tukasalimiana kwa kamwene, salamu ya kwetu, nikamwekea kigoda mahali pekee palipobaki, yaani kizingitini. Akakaa, uso ndani, mgongo nje, mvua inamnyeshea koti nyuma. Akalitazama kabati kwa muda mrefu, toka kucha mpaka simba. Akaomba maji ya kunywa. Eda akamzunguka, akatoka kwenye mvua kufuata mtungi, akarudi amelowa.

Mzee akanywa, akarudisha kikombe, akasema, "Lina simba."

Kisha akaaga. Mimi nilikaa juma zima nikiyarudia maneno yale kwa furaha. Nilimwambia Eda, unaona, baba yako amelisifu. Eda akanijibu kwamba baba yake akisifu kitu huwa anakishika. Hakulishika.

Haukupita mwezi ukuta niliojenga kwa haraka ukaanguka. Tofali mbichi haliwezi kushikana na la zamani ukilijenga siku moja, na hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu, ila siku ile nilikuwa na haraka ya kuwa bwana mkubwa. Ulianguka mchana, Eda akiwa shambani. Aliporudi alinikuta nimesimama kwenye kifusi, kabati limesimama vilevile, halina hata mkwaruzo, linatazama barabara ya Mbeya na simba wake wawili kama lililofunguliwa dirisha.

Eda alikuwa na mimba ya mama yenu mkubwa wakati huo. Alikiangalia kifusi, akainama, akavuta kigoda chake kutoka chini ya matofali, kimevunjika miguu yote.

"Hapa ndipo ninapokaa kuchambua maharage," akasema.

Nilikaa chini palepale kwenye tope, nikaokota miguu ya kigoda mmoja mmoja.

Nikaamua kabati liondoke. Na hapa ndipo mtakapocheka, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa kutoka Njombe mpaka Wanging'ombe kuwaondolea watu vitu. Nilianza na yule Mhindi mwenye duka. Nikamweleza uzuri wa mbao, uzuri wa kioo, nikamwambia nimemfikiria yeye kwanza. Akanisikiliza huku anapima sukari, akaniambia taratibu kwamba yeye lile kabati ndilo lililomfanya abadilishe milango ya nyumba yake, na kwamba aliwahi kumsomea Mungu wake sala maalumu siku lilipoondoka. Akanipa peremende.

Nikaenda kwa mwalimu wa shule. Alilitaka kwa vitabu, mpaka alipokumbuka kwamba shule ina vitabu kumi na vinne.

Nikalitoa kwa kanisa letu. Hapo niliona nimefika, kwani kanisa halikatai sadaka. Baraza la wazee likakaa Jumapili tatu. Jumapili ya kwanza walijadili kama lihifadhi vyombo vya meza ya Bwana, wakashukuru. Jumapili ya pili mmoja akauliza habari za kioo, kwamba akina mama watajitazama badala ya kusikiliza neno. Mwingine akajibu kwamba watakaojitazama zaidi ni wainjilisti. Jumapili ya tatu wakaja kwenye simba. Wakatafuta katika Maandiko simba wema ni wangapi na wabaya ni wangapi, hesabu haikuwapendeza, wakaniandikia barua ya heshima kubwa kunishukuru kwa moyo wangu wa kutoa na kunishauri nikae na sadaka yangu.

Wakati huo nimesimamisha ukuta wa miti na mkeka. Ikatokea kazi Mbeya, familia nzima inahama, majuma matatu. Nikaenda. Nilimwachia Eda shangazi yangu amsaidie, nikamwahidi kwamba nikirudi nitapata njia.

Nikarudi, nikakuta ukuta. Ukuta mzuri, wa tofali zilizokaushwa, zimelazwa kwa mpangilio, na mlango mpana kuliko wa kwanza. Ndani, chumba cha mbele kilikuwa kitupu. Sauti yangu ilirudi nilipobisha hodi. Meza imerudi, vyungu vimerudi, na Eda amekaa katikati ya nyumba amenyoosha miguu yote miwili, anachambua maharage.

Nikamuuliza kabati liko wapi. Akanieleza kama mtu anayeeleza habari za kuku. Kulikuwa na dereva wa lori aendaye Ilembula kuchukua mahindi, analalamika kwamba lori tupu linarukaruka kwenye mashimo, anahitaji kitu kizito nyuma. Eda akawaita kina mama saba wa kikundi cha uimbaji, wakautoa ukuta wa mkeka, wakalitoa kabati, wakalipakia, kisha wakaujenga ukuta huu mpya. Akampelekea baba yake, na ujumbe kwamba mkwewe Yeremia amemletea kama heshima.

Nililipuka, vijana. Sitawaficha. Nilimwambia amenidhalilisha, kwamba kitu kile kilikuwa changu, kwamba hata wazungu wake kwa waume huulizana kwanza, jambo ambalo lilikuwa uongo. Eda alingoja nimalize.

"Ningekuuliza, ungesema ngoja," akaniambia. "Mtoto hangoji."

Nikatoka nje nikatembea mpaka malori yalipo nikarudi. Hasira ilipopoa ikabaki hofu. Kwa sababu zawadi ya mkwe haikataliwi. Mzee Kilasi angelazimika kulipokea, kulishukuru, na labda kubomoa ukuta wake kwa ajili yake, na akishajua ukweli, kwamba tumemtwisha mzigo kwa jina la heshima, nitakuwa nimepoteza hata lile jina la mbeba viti.

Baada ya majuma mawili ikaja salamu kwa mkono wa dereva yuleyule. Mzee anamwita mkwewe. Aje na vifaa vyake vya kazi.

Tulikwenda wote wawili, Eda juu mbele kwa dereva na mimi nyuma na sanduku la vifaa, nikiwa nimejiandalia maneno ya njia nzima. Tukamkuta Mzee uani. Kabati lilikuwa nje, chini ya upenu wa ghala, limewekwa mawe chini ya kucha lisilowe. Hakuwa amebomoa kitu. Ndani ya milango alikuwa ameweka mbegu za viazi, na mtoto mmojawapo wa boma alikuwa amemlisha simba wa kulia kiazi kimoja mdomoni.

Eda akaingia jikoni kwa mama yake. Mzee akanipa kigoda, akakaa mbele yangu. Kisha akasema, "Binti yangu ametuma neno kwamba umeniletea kwa heshima. Nikashukuru. Sasa niambie wewe."

Maneno niliyoyaandaa yote yalikuwa ya uongo. Nilikuwa nimewaambia watu wengi sana kwamba vitu vyao ni vizuri, kwamba atapatikana mtu wa kuvithamini. Nilifungua mdomo nianze, yakakataa kutoka.

"Nililichukua kwa ajili yako, Baba," nikasema. "Niliambiwa ulisema mimi ni mbeba viti."

"Nilisema."

Nikatazama chini.

"Je, si mbeba viti?" akauliza.

"Ni mbeba viti, Baba."

"Basi ungebaki na hiyo. Kazi ya kubeba viti haikuvunjii nyumba."

Akaniambia mambo ambayo sikuyajua. Kwamba siku ile aliyokaa kizingitini mvua inamnyeshea, alitoka kwangu ameamua kuja kumchukua binti yake. Alimweleza mkewe kwamba mtu yule ana mahali pa simba, hana mahali pa mke wake. Alikuwa anangoja mahindi yakauke tu, aje. Ndipo lori likasimama uani kwake na lile kabati juu, na kina mama wawili wa kwaya ya Makambako wameketi pembeni yake kama walinzi.

"Nikajua kumbe kule kuna mtu mmoja mwenye akili," akasema. "Nikaona ningoje kidogo, huenda mko wawili."

Niliinuka nikafungua sanduku la vifaa. Alinitaka nilifumue, na hilo ndilo lililokuwa gumu kwangu, kwa kuwa Fundi Sanga alinilea kutoharibu maungio ya fundi mwenzangu. Nilimwambia Mzee. Akasema nisiharibu, nifungue. Tulikuwa na siku nzima.

Basi tukaanza. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu. Hizo, vijana, hazilazimishwi. Unadondosha mafuta, unaenda kwenye nyingine, unarudi baadaye, unaigonga bisibisi juu kwa nyundo kidogo, unaizungusha kwanza upande wa kukaza ndipo uilegeze. Mzee Kilasi alishika mkebe. Kila skrubu niliyotoa aliifuta kwa kidole, akaitia humo, ndefu upande huu, fupi upande huu. Kufikia saa sita alikuwa ameshajua nitavuta ipi kabla sijainama. Nguzo zile mbili za kifalme zilipotoka tukakuta ni tupu ndani, mbao nyembamba zilizogundishwa. Mgongo wa kabati, ule ambao sikuutilia maanani miaka yote kwa kuwa ulipakwa rangi nyeusi, ulikuwa wa mbao za sanduku la chai, na herufi zake zingalipo chini ya rangi. Mbao kama zile nilizokuwa nazipigilia misumari mimi kila wiki. Nilimwonyesha Mzee. Akazigonga kwa kidole, akasikiliza, akazigonga tena.

Vile vichwa vya simba Mzee aliomba vibaki kwake. Alivipigilia kwenye nguzo za zizi, kimoja kulia kimoja kushoto, na ng'ombe walivitazama siku mbili, ya tatu wakajikunia. Mbao nzuri zilikuwa chache kuliko tulivyodhani. Zilitosha benchi moja, rafu ya vyungu ya Eda, na kitanda kidogo cha mtoto ambacho mama yenu mkubwa alilalia, kisha wajomba zenu, kisha nikakitoa kwa jirani, bila kukitazama mara mbili.

Jioni ile tulikuwa tumezipanga mbao uani, ndefu chini, fupi juu. Rundo lilifika magotini tu. Mzee Kilasi akasimama akaliangalia, akapima kwa hatua pale chini ya upenu kabati liliposimama, akapima tena, midomo inahesabu.

"Na hili lote lilikuwa katika kile chumba chenu cha mbele," akasema.

"Pamoja na sehemu ya cha nyuma, Baba."

Akafikiri.

"Mlikuwa mnalala wapi?"

Mara tu alipokwisha kuuliza akatambua ameuliza nini. Baba mkwe haulizi habari za kitanda, na mkwe hajibu. Mimi nikaishika bisibisi kwa mikono miwili nikaikagua ncha yake. Yeye akageuka kutazama zizi. Tukakaa hivyo, watu wazima wawili, kila mmoja na upande wake wa kutazama.

Kisha nikasikia sauti ambayo mwanzoni nilidhani ni ya ng'ombe. Ilikuwa yake. Mabega yalikuwa yanamtikisika, ameshika ukingo wa rundo la mbao asianguke, anacheka bila kutoa neno, na machozi yanamshuka ndevuni. Eda na mama yake wakatoka jikoni kuona kuna nini. Hatukuweza kuwaambia, wala yeye wala mimi.